Rock ya zamani na mpya ndani ya kipindi kimoja: zipangweje zisigombane?

#1 Mwisho_wa_Reli (Kigoma)
Wakuu, za jioni. Naendesha kipindi cha rock kila Jumamosi, saa 3 hadi saa 5 usiku, kwenye redio moja hapa Kigoma. Wapo watakaouliza rock na Kigoma wapi na wapi. Wasikilizaji wapo: Mwanga, Ujiji, Gungu, Bangwe, na wengine huniandikia kutoka ng'ambo ya ziwa kwa Kiswahili cha kule. Nikitoa matangazo na salamu nabaki na dakika kama 95 za muziki, nyimbo 22 au 23.

Nusu ni za kabla ya 1985, nusu za baada ya 2000. Mwanzoni nilipanga saa ya kwanza zamani tupu, saa ya pili mpya tupu. Ikifika saa 4 meseji zinakatika kama mtu kafunga koki. Nikabadilisha, nikawa napiga moja ya zamani, moja mpya. Hapo nikalalamikiwa na pande zote mbili.

Nina daftari, kila wimbo naandika meseji zilizoingia. Jumamosi iliyopita nilimaliza saa ya kwanza na Deep Purple, ule wa moshi juu ya maji wa 1972. Meseji 19. Nikaunganisha na The White Stripes, "Seven Nation Army" wa 2003. Meseji 2. Nyimbo zote mbili zimesimama juu ya kipande kimoja cha gitaa ambacho hata mtoto wa chekechea anaweza kukiimba kwa mdomo. Kwa akili yangu zilikuwa ndugu. Nimekosea wapi? Ni mpangilio, ni mitambo, au ni umri wa watu?

#2 Isevya74 (Tabora)
Hongera kwa daftari mkuu, hilo tu limeshanifanya nikae. Nilikuwa napiga santuri kwenye kumbi za hapa Tabora miaka ya 80. Kosa lako ni kupanga kwa tarehe. Panga kwa pumzi: mbili za kukimbiza, moja ya kupoza, kisha anza kupandisha tena. Ukumbini ukiona watu wanatazama mlango unajua umewachosha. Redioni huwaoni, kwa hiyo lazima pumzi uihesabu wewe mwenyewe.

Halafu huo wa White Stripes unaanza na besi peke yake. Umetoka kwenye gitaa zito la Deep Purple unawapa watu besi kavu, lazima waone pamepwaya. Anza kipindi na Beatles maana ndiko rock ilikoanzia, halafu panda taratibu.

#3 FundiWaya (Kigoma)
Kabla hamjafika kwenye pumzi: hizo nyimbo umezipima sauti? Nipo kwenye mitambo mwaka wa 11 sasa. Rekodi za zamani zilikuwa na nafasi kati ya sauti ndogo na sauti kubwa. Miaka ya 90 studio zikaanza kushindana, wimbo wa nani utasikika mkubwa kuliko wa jirani, wakawa wanabana kila kitu mpaka juu. Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki wao wenyewe walilalamika kwamba imebanwa hadi inakwaruza.

Sasa wewe unatoka wimbo wa 1972 unaingia wa 2003 bila kugusa kitasa cha sauti. Kwa msikilizaji ni kama mtu aliyekuwa anazungumza naye vizuri, mara anamfokea. Anapunguza sauti. Ukirudi kwenye wa zamani, besi imekufa yote, kwa sababu sikio likipewa sauti ndogo, besi ndiyo hupotea kwanza. Anazima. Ukimuuliza atakwambia kipindi kimeboa, sababu yenyewe haijui.

Watangazaji wa Ulaya waliwekeana kipimo cha ukubwa wa sauti mwaka 2010, -23 LUFS, ili kila kinachorushwa kipimwe kama sikio linavyosikia na si kama mshale unavyoruka. Programu za bure za kupima zipo. Pima nyimbo zote kwanza, mpangilio baadaye.

#4 BintiUjiji
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa wanaozima, kwa hiyo niulizeni mimi.

Sizimi kwa sababu ya sauti. Nazima kaka anaposema "sasa turudi nyuma, mwaka 1968, enzi za baba zetu". Ukishasema hivyo umeniambia wimbo huo si wangu, na mimi nakuamini, nakwenda zangu. Kuna siku wimbo ulianza bila neno. Mfupi, haufiki dakika tatu, gitaa linakimbia kama mtu anayewahi boti. Nikasema hii bendi mpya kali. Ulipoisha ndipo ukasema Black Sabbath, "Paranoid", 1970. Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, nilisimama. Tangu hapo nimeutafuta na albamu yote ninayo.

Mwaka utaje baada ya wimbo. Kabla, hapana.

#5 Mwalimu_Kasulu
Kaka @Isevya74, kwa heshima zote, masahihisho mawili.

La kwanza, rock haikuanza na Beatles. Rekodi yao ya kwanza Uingereza ilitoka Oktoba 1962. Chuck Berry alishatoa "Johnny B. Goode" mwaka 1958, na Beatles wenyewe walikuwa wakiimba nyimbo zake. Nyuma yake yupo Sister Rosetta Tharpe, mama wa kanisani, Mmarekani mweusi, aliyekuwa akiimba injili kwa gitaa la umeme tangu miaka ya 40. Hata ile sahani ya dhahabu iliyopelekwa anga za mbali na chombo cha Voyager mwaka 1977 ina wimbo wa Chuck Berry. Wa Beatles haumo.

La pili, ile siyo besi. The White Stripes walikuwa watu wawili, gitaa na dramu, mpiga besi hawakuwa naye. Ile ni gitaa iliyopitishwa kwenye kifaa cha mguuni kinachoshusha sauti oktava nzima.

Kwa mleta mada: nafundisha kwaya. Deep Purple wako kwenye ufunguo wa G maina, White Stripes wako E maina. Nikiwatoa waimbaji wangu kwenye moja nikawaingiza kwenye nyingine papo hapo, nusu yao wanapotea. Weka kitu katikati: kibwagizo cha kituo, jina lako, hata sekunde nne za ukimya. Sikio liachwe lisahau kwanza.

#6 Isevya74
Kalamu nyekundu nimeiona mwalimu, asante. Kwa Chuck Berry umenishinda. Kwa besi umenishinda nusu. Iwe gitaa lililoshushwa, iwe besi, aliyekaa sebuleni na redio ndogo anasikia kitu kimoja kinachonguruma peke yake. Pamepwaya palepale.

Na sekunde nne za ukimya usimfundishe kijana. Ukimya redioni watu wanadhani umeme umekatika.

Nilichokuwa nafanya ukumbini ni hiki. Nikitaka kutoka kwa Wazungu wa zamani kwenda kwa Wazungu wapya wa wakati ule, katikati naweka wa nyumbani. Tabora tulikuwa nao: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz ya kina Shem Karenga. Ukipiga "Dada Asha" ya Tabora Jazz katikati ya rock mbili, hakuna anayeuliza mwaka. Gitaa la solo pale linaongea kuliko hao wenye nywele ndefu. Wanaotoka wanatoka wakiimba, wanaobaki wamepumzika, nawe umepata mlango wa kuingilia kokote unakotaka.

#7 Nzega_Kwetu
Watu wa migebuka na mawese nao wana kipindi cha rock, na sisi wa asali tupo tunasoma. Wiki hii nawaheshimu rasmi.

Ushauri wangu: fungua na Queen kila Jumamosi. Freddie Mercury ni mtoto wa Pemba, huyo ni wetu, hakuna wa kusema ni muziki wa kigeni.

#8 BintiUjiji
@Nzega_Kwetu si Pemba, ni Unguja, Mji Mkongwe, Septemba 5, 1946. Jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara. Shule alisomea India, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Asali imekulevya.

Ila Queen wana somo kwa kaka mtangazaji. "Bohemian Rhapsody" ilipotoka 1975 ilikuwa inakaribia dakika sita, watu wa biashara wakaona redio hazitaipiga. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, akaipiga mara 14 wikiendi moja. Kwa hiyo wimbo mrefu haufukuzi watu mwenyewe akiupenda. Wewe kaka wimbo ukizidi dakika tano unaukata. Juzi ulikata gitaa la mwisho katikati ukaweka tangazo la mabati. Iliniuma sana.

#9 Mwisho_wa_Reli
Samahani kwa lile la mabati dada, tangazo lilikuwa na saa yake kamili na mimi nilikosea hesabu kwa dakika moja na nusu. Limeniuma na mimi.

Fundi, nimeanza kupima. Mwalimu, nakuelewa, ila kibwagizo chetu chenyewe kina ufunguo wake na kimerekodiwa kwa sauti ya juu kuliko kila kitu. Nacho nikipime?

#10 FundiWaya
Hicho ndicho cha kwanza kupima.

#11 Boda_Gungu
Wakuu nauliza jambo tofauti kidogo. Nasikiliza kipindi kwenye simu nikiwa kijiweni, earphone naweka upande mmoja ili nisikie abiria. Kuna nyimbo za zamani zinakuja ala tupu, mwimbaji hayupo. Nikihamisha sikio la pili, mwimbaji yupo na ala zimekimbia. Nilidhani simu yangu mbovu. Nikaipeleka kwa fundi, akanitoza elfu tano, akaniambia nzima. Wimbo mpya ukiingia kila kitu kinarudi. Sasa hapo mimi zamani naiona mbovu na mpya naiona nzima, mpangilio uwe wowote.

#12 FundiWaya
Pole mkuu, simu yako ni nzima na sikio lako ni zima. Miaka ya 60 stirio ilikuwa bado changa, watu wengi walikuwa na vifaa vya spika moja. Studio zilikuwa zikirekodi ala kwenye mkondo mmoja na sauti za waimbaji kwenye mwingine. Sikiliza Rubber Soul ya Beatles, 1965, ile ya stirio ya mwanzo: ala karibu zote kushoto, waimbaji kulia. Kwenye sabufa sebuleni huoni tatizo. Kwa mtu wa sikio moja, wimbo umekatwa vipande viwili.

Mtangazaji, nyimbo za aina hiyo tafuta toleo la mono, yaani la mkondo mmoja, au ziunganishe mikondo kabla hujaziweka kwenye foleni. Bodaboda wangapi mjini hapa wanasikiliza kwa sikio moja? Hao wote ulikuwa unawapa nusu wimbo.

#13 Mwalimu_Kasulu
Hii sikuifikiria kabisa. @Boda_Gungu ahsante.

#14 Kasanga_Mpulungu
Nimesoma uzi wote nikiwa stoo. Mnazungumza Marekani na Uingereza, na rock ya jirani mmeipita. Baba yangu alikuwa akisafiri na meli ya Liemba hadi Mpulungu, anarudi na vitenge na kanda za Zambia. Mimi nilikua nikisikiliza gitaa zile, zile zinazolia kama zinachemka, wanaimba Kibemba na Kinyanja. Zamrock. Ilivuma miaka ya 80, nchi nzima ya Zambia vijana walivaa suruali pana.

Isevya74 anataka daraja la nyumbani. Daraja la Kigoma linapita kusini mwa ziwa.

#15 Mwalimu_Kasulu
Umenena, ila ni miaka ya 70, si 80. Amanaz walitoa albamu yao ya Africa mwaka 1975, na WITCH mwaka huohuo walitoa Lazy Bones!!. Jina WITCH ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari, kutokana na Mick Jagger. Rais Kaunda alitaka asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Wazambia, vijana wakatii kwa kuchukua rock na kuifanya yao. Kilichoizima ni mengi: bei ya shaba ilianguka, uchumi ukabana, halafu UKIMWI ukachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Jagari mwenyewe akaenda kuchimba vito.

#16 Kasanga_Mpulungu
Ni kweli mwalimu, kanda za baba zilinifikia zikiwa zimeshazeeka, mimi nikahesabu kuanzia niliposikia. Ila umeishia njiani. Jagari amerudi. WITCH walitoa Zango mwaka 2023, na Sogolo mwaka 2025. Bendi ileile, mwimbaji yuleyule, kuna wimbo wa 1975 na wimbo wa juzi. Mtangazaji anahangaika kutafuta wa kuunganisha zamani na mpya, na huyu hapa ni mtu mmoja mwenye ncha zote mbili. Piga wa 1975, bila neno piga wa 2023. Atakayezima hapo alikuwa anataka kulala tu.

#17 BintiUjiji
Naunga mkono, na baada ya hapo Mdou Moctar wa Niger, Afrique Victime, 2021. Gitaa analipiga kwa mkono wa kushoto kama Hendrix. Mjomba wangu anayesema hakuna gitaa tena duniani nilimwekea, akaniomba nimrushie kwenye simu.

#18 Kipe_na_Taa (Katonga)
Habari zenu. Mimi si mtu wa muziki, ni mvuvi wa dagaa. Redio tunayo kwenye kipe, chombo chetu cha kuvulia, imefungwa kwenye nguzo ya taa. Kipindi tunakisikiliza wote wanne.

Mnatafuta sababu ya meseji kukatika saa 4. Kaka, saa 4 ndipo tunainua wavu wa kwanza. Taa tunawasha giza likiingia, dagaa wanapanda polepole, tunakaa tunasikiliza na kuandika meseji kwa sababu hatuna kazi. Ikikaribia saa 4 mikono yote iko kwenye kamba mpaka tumalize kumwaga. Hapo upige Mzungu, upige Mwarabu, hakuna atakayekuandikia. Tena mtandao ukisogea ndani sana haupo, redio tu ndiyo inafika.

Angalia daftari lako na mwezi. Siku za giza tuko ziwani. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, tunalala nyumbani na meseji tunatuma hadi usiku wa manane.

#19 Mwisho_wa_Reli
Nimesoma hii post ya kaka wa Katonga mara tatu, kisha nikachukua daftari na kalenda ya mwezi. Jumamosi tisa.

Tano zilikuwa za giza, na zote tano meseji zilianguka saa 4. Nne zilikuwa za mbalamwezi. Tatu kati ya hizo hazikuanguka, moja ilipanda kabisa, na zilikuwa na mpangilio uleule wa zamani kwanza, mpya baadaye! Miezi miwili nimekuwa nikiwalaumu White Stripes.

Ila ya nne inanisumbua. Mwezi ulikuwa mpevu, wavuvi nyumbani, na bado saa 4 zilianguka kutoka 16 hadi 4.

#20 Kasanga_Mpulungu
Hoja ya mvuvi ina ushahidi mwingine. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, vibanda vya kahawa huku kwetu vilijaa hadi usiku, kila kibanda na redio yake. Uliza watangazaji waliokuwa hewani miezi ile kama meseji hazikuongezeka.

#21 FundiWaya
Mvuvi nimemwelewa na nakubali. Lakini hiyo Jumamosi ya nne ni yangu. Nenda katazame uliweka nini saa 4 siku hiyo, nina hakika ulitoka rekodi ya kimya ukaingia iliyobanwa.

#22 Mwalimu_Kasulu
Au alibadilisha ufunguo vibaya.

#23 BintiUjiji
Au alisema "turudi nyuma".

#24 Nzega_Kwetu
Au kulikuwa na mpira.

#25 Mwisho_wa_Reli
Nimeangalia. Saa 4 siku hiyo: nilitoka Led Zeppelin, nikataja mwaka, nikaingia Greta Van Fleet, rekodi imebanwa, na usiku huo kweli kulikuwa na mechi ya Ligi ya Uingereza. Kila mmoja wenu amepata chake.

Lakini hapohapo lipo swali lingine. Greta Van Fleet ni vijana wa Michigan, na wanafanana na Led Zeppelin hadi mtu asiyejua anachanganya. Niliwaweka nyuma ya Zeppelin makusudi, mzee kisha mtoto. Huenda ilikuwa kinyume?

#26 Isevya74
Mzee kwanza. Huwezi kumtambulisha mjukuu kabla hujamsalimia babu. Msikilizaji akishamjua babu, anapomsikia kijana anatabasamu: ahaa, pua ya ukoo huo.

#27 BintiUjiji
Baba yangu, kwa adabu zote, hapana. Ukimpiga babu kwanza, kijana anaonekana mwizi. Zeppelin akitoka hewani hakuna wa kumfuata, kila atakayekuja ni nakala. Ukimpiga kijana kwanza, mimi nampenda, kisha ukaniwekea wa 1969, nagundua mwenyewe ule mto umetokea wapi. Kugundua mwenyewe ni kutamu kuliko kuambiwa. Mimi niliingia rock kwa Linkin Park nikiwa kidato cha pili, nikarudi nyuma taratibu, leo nina Black Sabbath. Hakuna aliyenishika mkono akanianzishia 1958, ningekimbia.

#28 Isevya74
Binti yangu, wewe ulikuwa na miaka 15 na simu mkononi. Mimi hapa, na wenzangu, tunajua babu ni nani. Ukituanzia na mjukuu tunasema huyu anamwigiza fulani, tunazima kabla hujafika kwa fulani mwenyewe. Kipindi ni cha nani basi?

#29 Mwalimu_Kasulu
Hilo swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu.

#30 Mama_Kibirizi
Nawasalimu wanangu. Nauza dagaa pale mwaloni, na kipindi hicho nakisikiliza kwa sababu mwanangu yuko ziwani Jumamosi na ameniambia ndicho wanachosikiliza huko. Kiingereza sikijui. Mimi nikisikia wimbo ule wa gitaa nzito najua na yeye anausikia wakati huohuo juu ya maji, na moyo unatulia. Mpange mnavyopanga, ila wimbo ule msiuhamishe hovyo. Wiki moja haukupigwa, nikakaa macho hadi boti ziliporudi asubuhi.

#31 Mwisho_wa_Reli
Shikamoo mama. Nimekusikia. Sikulijua hilo.

#32 Kasanga_Mpulungu
Mama ni ule wa moshi juu ya maji?

#33 Mama_Kibirizi
Ndiyo huohuo. Mwanangu aliniambia maana yake, nyumba iliungua kando ya ziwa na moshi ukatanda.

#34 Mwalimu_Kasulu
Ni kweli mama. Ilikuwa Desemba 1971, mji wa Montreux nchini Uswisi, jengo la kasino liliungua wakati wa onyesho la Frank Zappa. Deep Purple walikuwa wamefika kurekodi albamu, wakautazama moshi ukitambaa juu ya Ziwa Geneva.

#35 Kipe_na_Taa
Kiangazi mapori ya Kongo yakiungua, moshi unashuka ziwani hivyohivyo, milima ya upande wa pili haionekani. Sisi wimbo huo hatukuhitaji kutafsiriwa.

#36 Mwisho_wa_Reli
Mrejesho wa Jumamosi, wakuu. Ilikuwa giza, wavuvi ziwani.

Nyimbo zote nilizipima. Tofauti kati ya iliyo kimya zaidi na iliyobanwa zaidi ilikuwa desibeli 9, na kibwagizo chetu kilizizidi zote. Nimezisawazisha. Za stirio ya zamani nimeziunganisha mikondo. Mwaka sikutaja hata mara moja kabla ya wimbo. Saa ya kwanza nilimweka babu kwanza, saa ya pili mjukuu kwanza, ili nione. WITCH wa 1975 na WITCH wa 2023 niliwaweka mgongo kwa mgongo saa 4 kasoro dakika tano. Dakika sita za mwisho nilimpa Queen, sikukata.

Matokeo: saa 4 meseji zilishuka kutoka 21 hadi 8. Za namba za Katonga na Kibirizi zilikuwa sifuri kabisa mpaka saa 5 kasoro. Za Mwanga, Gungu na Ujiji zilipanda kidogo. Greta Van Fleet kabla ya Zeppelin, 11. Zeppelin mwenyewe baada yao, 5. WITCH walipata 9, na saba kati ya hizo waliuliza hii bendi ni ya wapi. Na kijana mmoja wa Mwanga aliandika kulalamika kwamba siku hizi sitaji miaka, yeye alikuwa anaiandika kwenye daftari lake la shule.

#37 FundiWaya
Za mjini zimepanda kwa sababu ya sauti. Nilisema.

#38 BintiUjiji
Zimepanda kwa sababu hukutaja miaka. Huyo wa Mwanga mwambie asubiri wimbo uishe.

#39 Isevya74
11 wa mjukuu, 5 wa babu. Maana yake babu aliwekwa pabaya, angetangulia angepata 16. Na "Dada Asha" hukuipiga, nilikaa hadi saa 5 nikingoja.

#40 Boda_Gungu
Mimi nathibitisha mwimbaji amerudi sikio la kushoto. Hapo hata ningepewa tarumbeta peke yake ningesikiliza. Abiria mmoja wa kwenda Bangwe aliniomba nisimame wimbo uishe ndipo ashuke.

#41 Mwalimu_Kasulu
Jumamosi moja haitoshi kusema. Subiri mbalamwezi, rudia mpangilio huohuo bila kubadilisha hata wimbo mmoja, ndipo tulinganishe.

#42 Mwisho_wa_Reli
Nitarudia mwalimu, wimbo kwa wimbo. Mabadiliko ni mawili tu: Tabora Jazz itaingia saa 4 na dakika 20, na tangazo la mabati nimeliombea lisogezwe, wamekubali.

#43 Kipe_na_Taa
Kaka, Jumamosi hii bado ni giza, kwa mbalamwezi subiri wiki mbili. Ule wa moshi wakati huu uliupiga saa 4 na dakika 10, tulikuwa kwenye kamba, tukausikia nusunusu na dagaa wanamwagika. Tunaomba uwe saa 3 na nusu, wavu ukiwa bado chini.

#44 Mwisho_wa_Reli
Saa 3 na nusu. Nimeshauandika. Mama Kibirizi, umesikia? Saa 3 na nusu.

#45 Mama_Kibirizi
Nimesikia mwanangu. Nitakuwa nimewasha.